Herufi Mbili

Jioni, mezani. Tumeigeuza risiti ya sulfa ya mizabibu
na nyuma yake, kwa mwandiko wake wa ukarani,
Chedego amechora safu tatu:
Ndege. Treni na boti. Basi na boti.
Chini ya kila safu nauli, mara mbili, kwenda na kurudi,
kisha mstari mnene
kama anayefunga hesabu za ushirika.

Fedha ipo. Nianze na hilo, maana si kawaida.
Kikoba kimevunjwa, zabibu za Agosti zimelipwa,
kwa kuchelewa, lakini zimelipwa,
na hoteli ya Unguja, upande wa mashariki, imeshikwa:
usiku nne, chandarua cheupe, chai juu yao.
Kilichobaki ni kufika.

Basi lilikufa mapema.
Goti lake la kushoto lilikataa
tukiwa bado Gairo kwenye maongezi.

Basi ndege, anasema.
Unasinzia kidogo, unaambiwa shuka.
Wendo naye, kwa simu kutoka Arusha:
Mama, panda ndege, ya nini kuteseka?
Nikajiuliza nani kamwambia nateseka.

Mimi ni mtoto wa Bahi.
Maji mengi niliyowahi kuyaona ni mbuga yetu
mwaka ule ilipofurika, mpunga ukazama,
baba akasimama ukingoni, viatu mkononi,
kama mgeni aliyekosa mlango.
Darasa la tatu nikaitwa ubaoni niandike *bahari*.
Nikaandika, nikarudi nyuma, nikaona:
ni Bahi, imetiwa herufi mbili katikati.
Nikalisema kwa sauti. Darasa zima likacheka, na mwalimu pia.
Mimi sijacheka hadi leo.
Miaka hamsini na mitatu nimeishi
upande huu wa herufi mbili,
nikipima maji kwa debe.

Halafu mnataka nizivuke
nimefumba macho, pipi mdomoni?

Hapana. Nikae dirishani.
Nione wekundu wa udongo ukififia
(treni yenyewe siku hizi haijui polepole,
lakini nitajitahidi),
mlima wa Kilosa utumeze na kututema,
Morogoro ipite na kijani chake cha kujidai,
hewa ianze kuwa nzito,
blauzi initie jasho mgongoni,
ndipo nijue nimetoka kwetu.
Halafu boti.

"Boti itakutapisha."
"Nitatapika vyangu."

Akanyamaza. Akaikunja risiti, akaikunjua.
Nje upepo ulikuwa ukilihesabu bati letu
msumari kwa msumari.
"Maji yananitisha," akasema.
"Si kina. Ni kule kukosa ng'ambo."

Miaka thelathini na mmoja, vitanda vitatu,
watoto wanne, na hili sikulijua.
Mtu aliyeshuka kisimani kwa kamba
kuitoa ndoo ya jirani!
Nilitaka kumcheka, mkono ukanizuia,
mkono wake, uliokuwa juu ya wangu
sijui tangu lini.

Tukaanza upya. Safu ya nne:
Ndege, mtu mmoja. Treni na boti, mtu mmoja.
Jumla ikashuka. Tukabishana kidogo kuhusu chenji,
nayo ikaenda kwa kijana wa Malogo
atakayefukuza ndege shambani.
Ndege hawa, si ile. Hapo tulicheka wote.

Wendo akipata habari atasema tumegombana.
Aseme.
Mimi nitatangulia kutoka alfajiri,
yeye atatangulia kufika,
na kwa mara ya kwanza tangu posa
kutakuwa na mtu mahali fulani
ananingoja nifike.

Ameahidi kunipokea bandarini.
Nimemwambia asisogee sana ukingoni,
asimame pale penye kivuli na watu,
na viatu, tafadhali,
awe amevivaa.